Jani Kuu na Jani Changa

Ofisini kwetu wameweka tangi la samaki pale mapokezi. Nadhani meneja alisikia mahali kwamba maji huwapoza watu hasira, na wateja wetu wana hasira za kutosha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikilipita nikitazama upande wa pili, kama mtu aliyegombana na jirani yake. Wiki iliyopita Wanjiku, Mkenya anayekaa mapokezi, akanishika mkono.

"Dada, kuja uone. Hizi majani zinakufa tu. Nimebadilisha maji, wapi. Bosi amesema nizing'oe niweke za plastiki."

Nikafunua kifuniko. Harufu ikanipiga usoni: matope mabichi, kutu kidogo, chakula cha samaki kilicholowana. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Nikajikuta nauliza bila ya kufikiri, "Yameanza yepi? Ya chini, ya zamani, au yale machanga ya juu?" Wanjiku akainama akatazama, akasema ya chini. Nikamwambia basi huo si ugonjwa, ni njaa, atie mbolea. Kisha nikaenda msalani, nikafunga mlango, nikalia mpaka kope zikavimba. Mwanamke mzima mimi, mwenye watoto na cheo, nalilia majani ya mapokezi.

Swali lile silo langu. Ni la kaka yangu, Nasri, na sikuwa nimelitamka tangu alipokufa.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Ghala, hapa Maskati, upande wa makaazi, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya rangi za magari na mlio wa vyuma kutoka kwenye magereji. Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Maskati katika nyumba za watu wa Unguja mtaikumbuka bila ya kuiona: sebule ya wageni isiyokaliwa na mtu, yenye makochi ya kung'ara, na sebule ya watu, yenye mazulia na mito, ambamo Kiswahili na Kiarabu viligombana mchana kutwa. Bibi yetu, mama yake Baba, alikuwa akikuamrisha kwa hiki na kukulaani kwa kile. Tulikuwa watu watano: Bibi, Baba, Mama, Nasri na mimi. Nasri ndiye mkubwa, mimi kitinda mimba, na katikati hapakuwa na mtu.

Nasri alikuwa na selimundu, maradhi ya damu ya kurithiwa. Naliandika neno hili sasa kama naandika "mafua", lakini nyumbani kwetu halikuwahi kutajwa, si kwa Kiswahili wala kwa Kiarabu. Yalikuwa "yale mambo yake". Alipopiga kelele kwa maumivu ya mifupa Mama alisema, "Si kitu, mwanangu, baridi tu." Aliporudi hospitali ametiwa damu Baba alisema, "Si kitu, wamekutia nguvu." Macho yake yalipogeuka manjano, Bibi alimfukizia ubani na kusema kapigwa jicho. Ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Kumwambia ni kumvunja moyo, na huenda ikawa ni kumharakishia. Mpaka leo kwetu mtu hufa kwa kitu ambacho nyumba nzima inakijua isipokuwa yeye, na yeye anakijua pia, ila anaona haya kuwavunjia heshima waliojitahidi kumficha.

Jua alikatazwa, mpira alikatazwa, maji ya baridi alikatazwa. Sikukuu moja tulikwenda ufukwe wa Bustan, na sote tuliokuwa wadogo tukaingia baharini tukipiga kelele, na Nasri akabaki kwenye mkeka amevaa soksi, akilinda ndala zetu. Baba alimtazama sana siku ile. Siku chache baadaye akaja na gari ya mizigo, na nyuma yake tangi la kioo alilolipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama. Likawekwa sebuleni, kando ya dirisha, mkabala na godoro alilokuwa akilala Nasri siku za maumivu.

Sote tulidhani atawapenda samaki. Wapi. Samaki aliwaona wapumbavu. Alichokipenda ni mimea, na zaidi mmoja wa majani marefu mapana, tuliouita upanga, uliosimama katikati kama bwana harusi. Alisoma habari zake kwenye kompyuta ya Baba mpaka Mama akalalamika kwamba shule hasomi hivyo. Na ulipoanza kugeuka manjano, nyumba nzima ikageuka kuwa madaktari.

Mama alisema ni dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Baba alisema ni joto, tangi la maji la juu ya dari linachemka na mimea inapikwa. Bibi hakuwa na shaka hata kidogo: jirani yetu mmoja aliingia akasema "Majani mazuri haya!" bila ya kuleta mashaallah. Akasoma, akapuliza kwenye kikombe cha maji, akamimina ndani ya tangi.

"Bibi," akasema Nasri, "hao samaki watahifadhi msahafu kabla ya huyu mdogo."

"Cheka," akasema Bibi. "Jicho halichekwi."

Yeye Nasri hakumimina kitu. Aliketi mbele ya kioo akaniita, akanishika shingo kunielekeza, kidole gumba chake kikinuka matope ya tangi.

"Usiulize kitu mpaka uulize hili kwanza," akanambia. "Limeanza jani gani? Kuu au changa? Yakiwa na vitundu vitundu ni jambo jengine, lakini kwanza hilo. Unaona? Yameanza makuu, ya chini. Basi hii njaa. Mmea una akili, we. Ukikosa chakula haufi wote kwa pamoja. Unalinyonya jani kuu, taratibu, na kile chake unalipelekea jani changa. Ndo mana kuu likageuka manjano na changa hilo, tazama, linameremeta."

"Na likianza changa?"

"Hapo pabaya. Hapo kinachokosekana ni chuma, na chuma hakihami. Jani kuu hata likiwa nacho haliwezi kumpa mwenzake."

Nikalitazama lile jani la chini, manjano, kingo zake zimeanza kuoza. "Halilii?"

"Nani?"

"Jani kuu."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Lilie nini? Ndo kazi yake."

Nasri alikuwa anazungumza habari za mmea. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto akifundishwa jambo moja la kweli hulipeleka kila mahali. Siku ile ile, tulipoketi kula, nikalipeleka kwenye sinia.

Tulikuwa tukila sinia moja, chini, juu ya mkeka, kama kila mtu. Mama alimwaga wali, akaweka samaki katikati, akawa anamega na kumtupia kila mtu upande wake. Na sharti mnalijua: unakula mbele yako. Mkono uliovuka kwenda upande wa mwenzako ulipigwa na Bibi pale pale. Nasri alikaa kuliani kwangu. Mama alimtupia yeye minofu iliyo bora, ya tumbo, kwa kuwa ndiye mgonjwa. Na Nasri, ambaye mara nyingi hakuwa na hamu ya kula, alikuwa na mtindo wake ambao mimi peke yangu niliujua: aliufukia mnofu chini ya wali, akausukuma kwa kidole, polepole, mpaka ukatokea upande wangu. Mimi nikaula. Miezi mingapi niliula sijui, nikidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi.

Siku ile nikauona mnofu ukija chini ya wali, na sikuugusa. Nikamtazama Nasri. Weupe wa macho yake ulikuwa manjano kama lile jani. Nikaitazama mikono yake, myembamba, na yangu, iliyojaa. Nikakumbuka kwamba viatu nilivyovaa vilikuwa vyake mwaka ule ule. Na Bibi, kama aliyetumwa, akasema mbele ya wote, "Mashaallah huyu mdogo, anakula na mwili unaona. Atampita kakake huyu. Na huyu mwenzake anazidi kwenda chini tu, maskini."

Hapakuwa na la kuuliza tena. Limeanza kuu. Changa lilikuwa mimi.

Msinicheke. Nimewahi kumsimulia mtu mmoja jambo hili akacheka, na sijazungumza naye vizuri tangu siku hiyo. Kwangu mimi ilikuwa hesabu iliyokamilika. Mungu alituwekea chakula cha mtu mmoja, na mimi nilikuwa nakimaliza. Kilichobaki kilikuwa kutafuta namna ya kukirudisha.

Basi nikawa nausukuma mnofu urudi. Yeye akausukuma kwangu, mimi nikausukuma kwake, chini ya wali, nyuso zetu zimetulia kama za watu wanaosikiliza hotuba. Akinishinda, niliuficha kwenye kiganja nikawapelekea paka wa nje. Mkate wa shule niliutupa. Maziwa niliyamimina kwenye sinki, maji nikiyafungulia ili Mama asisikie. Njaa ile naikumbuka kuliko harufu yoyote. Kwanza inauma, kisha inakuwa baridi, kisha mtu unaanza kuiona fahari. Kila asubuhi nilikimbilia kumtazama Nasri macho kama yamekuwa meupe, na kuna siku nilishikilia kwamba yamekuwa.

Naye akaanza kunitazama mimi. Alikuwa ananivuta dirishani, anashusha kope langu la chini kwa kidole gumba, anachungulia. "Tazama juu," anasema. "Tazama kwenye pazia." Mimi nilijua anachokitafuta: anatafuta cha kwake, alichonyonywa, aone kiasi gani kimeingia. Hofu ikanishika kwamba atakikuta. Nikawa nafumba macho kwa nguvu mpaka nyota zinatokea, na yeye anazidi kuyafumbua. Tukagombana. Mama akatufokea, "Nini nyinyi na macho?"

Kisha nikaanguka shuleni, kwenye foleni ya asubuhi, bendera inapandishwa. Nilizinduka nimelazwa juu ya meza ya mwalimu na watu wote wamekuwa warefu. Baba na Mama wakanipeleka hospitali, na kwa kuwa walikuwa na mtoto mmoja mwenye yale maradhi, damu yangu ilipimwa kila namna. Haikuwa na kitu. Daktari akamwita Mama pembeni akamwambia huyu ana njaa. Mama aliona aibu ambayo mpaka leo akiikumbuka anafunika uso: mwanamke wa sinia kubwa, ambaye wageni hawatoki kwake bila ya kula, anaambiwa mwanawe ana njaa. Wakanitia maji ya mshipani, wakanilisha, nikarudi mashavu yamepata rangi.

Nasri alikuwa kwenye godoro lake, amekaa kitako, anatungojea. Mama akaenda kuinama kwake. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kwamba Nasri alimtazama kwa muda, kisha akageukia ukutani, akalia. Hakulia kwa sauti, na kwa maumivu ya mifupa alikuwa akilia kwa sauti. Nikajua analia kwa sababu nimerudi nimeshiba.

Tokea siku ile Mama alikuwa ananilisha mwenyewe, tonge kwa tonge, na mkono mwengine amenishika kidevu. Nilikula. Sikuwa na la kufanya. Na ndani ya siku hizo hizo, baridi ya kwanza ya mwaka ilipoingia, Nasri akaanza kukohoa. Kwa wengine wenu baridi ya Maskati ni kichekesho; kwake yeye ilikuwa adui. Homa ikapanda, kifua kikambana, na Baba akambeba mpaka kwenye gari, miguu yake inaning'inia kama ya mtoto mdogo. Nilisimama mlangoni na tonge mdomoni. Ushahidi ulikuwa umekamilika.

Nilipelekwa kumwona mara moja. Alikuwa na kitu cha plastiki puani na midomo imekauka. Mama alimwambia, "Si kitu, mwanangu, kifua tu, keshokutwa utarudi nyumbani." Nasri hakumtazama. Akaniita kwa kidole. Nikasogea, na yeye akainua mkono uliofungwa sindano, akaniwekea kidole gumba chini ya jicho.

"Fungua," akasema.

Sikufungua. Nilifumba nikatikisa kichwa, nikasikia kidole chake, kisicho na harufu ya matope tena, kikiteleza shavuni. "Fungua basi, nione mara moja tu." Baba akanishika bega akanitoa nje. Nasri akafa siku ya pili yake, Ijumaa, kabla ya sala.

Nyumba ikajaa wanawake. Walisoma, walilia, walikunywa kahawa. Kila aliyeingia alimkumbatia Mama, kisha akanitafuta mimi kwa macho, akasema yale yanayosemwa: "Mshukuru Mungu, kakuachia huyu, mzima, ana siha yake." Siha yake. Nilijificha nyuma ya pazia, mbele ya tangi, ambalo hakuna aliyekumbuka kuliwasha taa. Upanga ulikuwa umechakaa wote. Sikuona uchungu wowote juu yake. Nilitamani uoze upesi.

Masinia ya matanga yakaja na kuondoka. Nilisema nimekula na wenzangu. Kila kundi liliamini nimekula na kundi jengine. Watu walipotawanyika, na Baba amelitoa tangi nje ili asilione, Mama aliketi nami jikoni, sisi wawili tu, na sahani badala ya sinia, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuandaa sinia la watu wanne.

"Kula."

"Sili."

"Kula mwanangu, mimi leo sina mkono wa kukushika kidevu."

"Nikila watakufa wengine," nikasema. "Mimi ndo nilomla Kaka Nasri."

Mama aliweka kijiko chini. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na nilidhani atanipiga kofi. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Yeye mwenyewe."

Nikamwambia yote. Jani kuu na jani changa. Mnofu chini ya wali. Paka, mkate, maziwa kwenye sinki. Viatu. Nilipofika kwenye maziwa Mama akauma ncha ya mtandio wake.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndo mana hukuwa ukila. Na sisi tusione. Yeye kakuona, Yarabi, yeye peke yake katika nyumba nzima. Kila siku akinambia, 'Mama, huyu mdogo naye anao ugonjwa wangu. Kakonda. Hataki nimtazame macho, anajua. Kaanza changa, Mama, hapo mimi siwezi kumpa kitu.' Nami sikumfahamu, changa gani, nikidhani homa inasema. Nikamwambia Baba yako, hebu huyu tukimpima, kakake atatulia."

"Mkanipima."

"Tukakupima. Na siku ile ile nikamwendea pale alipolala nikamwambia, 'Si kitu, mwanangu. Mdogo wako mzima, hana maradhi yoyote.' Wallahi ilikuwa kweli. Katika maneno yote nilowahi kumwambia mtoto yule juu ya maradhi, hilo moja lilikuwa kweli."

"Mbona akalia?"

Mama aliivuta sahani yangu akaanza kuchambua miba ya samaki, mmoja mmoja.

"Kwa sababu na yeye," akasema, "tulikuwa tukimwambia hivyo hivyo."